Haki za Waingereza Hazikushuka Kutoka Ikulu

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi katika ukurasa wa barua za wasomaji nizungumzie jambo linalonisumbua kila magazeti yetu yanapoandika juu ya historia ya Waingereza. Simulizi huwa ni ile ile: mwaka 1215 Mfalme John alitia muhuri Hati Kuu pale Runnymede, wananchi wakapata haki zao, Bunge likazaliwa, na tangu hapo taifa hilo likaenda hatua kwa hatua, kwa utulivu na busara, mpaka likafikia demokrasia inayosifiwa leo. Kisha msomaji huambiwa, pengine waziwazi na pengine kwa kudokezwa, kwamba nasi tuwe na subira kama wao, kwa kuwa haki hukua polepole na hutolewa na wenye mamlaka pale wanapoona watu wamekomaa. Nimefundisha somo la historia katika shule za sekondari kwa sehemu kubwa ya maisha yangu, na naona ni wajibu wangu kusema kwamba simulizi hiyo inawadhulumu Waingereza wenyewe. Watwana, vibarua wa mashamba, wafumaji, mafundi cherehani na wanawake wa nchi ile walipata kidogo sana bila kukidai, na wengi waliodai walilipa kwa shingo zao.

Tuitazame kwanza hiyo Hati Kuu. Walioilazimisha walikuwa mabaroni, yaani mabwana wakubwa wa ardhi, waliochoshwa na kodi za mfalme na vita alivyoshindwa huko Ufaransa. Ibara yake mashuhuri, ya 39, inasema kwamba mtu huru hatakamatwa wala kufungwa wala kunyang'anywa mali yake isipokuwa kwa hukumu halali ya watu wa hadhi yake au kwa sheria ya nchi. Ni maneno mazito, na siyadharau. Hata hivyo, sehemu kubwa ya wakulima wa wakati ule hawakuwa watu huru. Walikuwa watwana waliofungamanishwa na shamba la bwana: walimlimia siku kadhaa za kila juma bila ujira, hawakuruhusiwa kuhama bila idhini yake, walimlipa ada binti zao walipoolewa, na kesi zao zilisikilizwa katika baraza la bwana yule yule. Ibara ya 39 haikuwagusa. Isitoshe, hati yenyewe haikudumu hata miezi mitatu, kwani Papa Innocent III aliibatilisha mwezi Agosti wa mwaka ule ule, vita vikazuka, na ikalazimu itolewe upya, kwa marekebisho, baada ya John kufariki mwaka 1216.

Hati iliyogusa maisha ya vijijini kwa karibu zaidi ni ile ambayo magazeti yetu hayaitaji kamwe, Hati ya Misitu, iliyotolewa tarehe 6 Novemba 1217 kwa jina la mfalme mtoto, Henry III. Tangu William wa Normandy alipoivamia nchi mwaka 1066, wafalme walikuwa wametwaa maeneo makubwa na kuyafanya misitu ya kifalme, na ndani ya maeneo hayo mlikuwa na vijiji na mashamba, si miti tu. Mtu aliyeua paa wa mfalme aliweza kuuawa au kukatwa viungo. Hati ya Misitu ilifuta adhabu hizo, ikarudisha sehemu ya ardhi iliyotwaliwa, na ikathibitisha malisho na matumizi mengine ya pamoja ya msitu kwa wale waliokuwa wameyazoea. Nayo pia iliandikwa kwa ajili ya watu huru zaidi ya watwana, lakini angalau ilihusu vitu ambavyo familia ya mkulima ilivihitaji kila siku. Vifungu vyake vya mwisho vilikaa katika vitabu vya sheria mpaka mwaka 1971.

Mwaka 1348 tauni iliingia nchini kwa bandari za kusini, na katika muda wa miaka miwili hivi ikaua kati ya theluthi moja na nusu ya watu wote. Waliosalia walijikuta katika hali ambayo mabwana hawakuipenda: mikono ya kufanya kazi ilikuwa imeadimika, na mwenye jembe angeweza kudai ujira mkubwa zaidi au kuhamia kwa bwana mwingine. Watawala walijibu kwa sheria. Amri ya mwaka 1349 na sheria ya Bunge ya mwaka 1351 zilikataza ujira wowote uliozidi viwango vya kabla ya tauni, na aliyekataa kufanya kazi kwa ujira huo alitiwa mikatale au gerezani. Bunge hilo tunaloambiwa ndilo mama wa uhuru lilikuwa Bunge la wenye mashamba, na mapema kabisa katika historia yake lilitumia nguvu za sheria kumzuia kibarua asinufaike na uhaba wa vibarua.

Juu ya hayo ikaja kodi ya kichwa. Wasomaji wa Afrika Mashariki hawahitaji kuelezwa kodi hiyo ni kitu gani, maana babu zetu waliilipa chini ya utawala wa Waingereza hao hao, na wapo walioacha mashamba yao kwenda kutafuta kibarua katika mkonge au kwa walowezi ili tu wapate fedha ya kuilipa. Wachache wanajua kwamba karne nyingi kabla ya hapo kodi hiyo iliwahi kuwashukia wakulima wa Uingereza, nao hawakuipokea kwa subira. Ili kugharimia vita dhidi ya Ufaransa, Bunge liliiidhinisha mwaka 1377, tena 1379, tena 1380, na mara hii ya tatu ilipigiwa hesabu ya shilingi moja, yaani peni 12, kwa kila mtu aliyezidi umri wa miaka 15, ikiwa ni mara tatu ya kiwango cha kwanza. Watu wakajificha wasihesabiwe. Serikali ilipotuma makamishna kuwafuatilia waliokwepa, wanavijiji wa Fobbing na jirani zao wa Essex waliwatimua pale Brentwood mwishoni mwa Mei 1381, na haikupita muda mrefu Essex na Kent zote zikawa zimeinuka.

Kiongozi wao alikuwa Wat Tyler. Mhubiri wao alikuwa padri John Ball, aliyekwisha kufungwa kwa ajili ya mahubiri yake, na swali lake lilikuwa rahisi kiasi kwamba hakuna askofu aliyeweza kulizima: Adamu alipolima na Hawa aliposokota uzi, nani alikuwa bwana? Tarehe 13 Juni waliingia London, wakazi wa mji wakiwafungulia milango. Walichoma jumba la Savoy, mali ya John wa Gaunt, ami yake mfalme, na waandishi wa wakati ule, ambao hawakuwapenda hata kidogo, wanasimulia kwamba walikatazana kuiba kitu humo kwa sababu hawakuja kama wezi. Kesho yake Mfalme Richard II, kijana wa miaka 14, alikutana nao Mile End. Walitaka utwana ufutwe, walitaka kodi ya shamba isizidi peni nne kwa ekari, na walitaka uhuru wa kuuza na kununua. Mfalme alikubali, makarani wakaketi kuandika hati za uhuru, na watu wengi wakaanza safari ya kurudi makwao wakiwa na karatasi mkononi. Siku hiyo hiyo wenzao walimwua Askofu Mkuu wa Canterbury, Simon Sudbury, aliyekuwa pia waziri mkubwa wa mfalme, na katika mitaa ya London waliuawa wageni wa Kiflemi ambao hawakuwa na kosa lolote. Sitetei mauaji hayo, wala sitaki yafichwe na yeyote atakayesimulia habari hii.

Tarehe 15 Juni, huko Smithfield, Tyler alipigwa upanga na Meya wa London, William Walworth, akiwa katikati ya mazungumzo na mfalme. Hati za uhuru zilifutwa. John Ball alinyongwa na mwili wake ukakatwa vipande vinne huko St Albans tarehe 15 Julai. Wajumbe wa Essex walipokwenda kukumbusha ahadi ya Mile End, mfalme, kwa mujibu wa mtawa Thomas Walsingham aliyeandika habari za zama hizo, aliwajibu kwamba watwana walikuwa na watwana watabaki. Kwa siku zile, basi, mfalme alishinda. Lakini serikali yake haikuthubutu kuirudia kodi ile, ujira uliendelea kupanda licha ya sheria, na katika karne iliyofuata utwana ulififia, bila Bunge lolote kupiga kura ya kuufuta, kwa sababu mabwana hawakuwa tena na uwezo wa kuwazuia watu kuondoka. Zaidi ya miaka 600 baadaye serikali ya Margaret Thatcher ilileta tena kodi ya kichwa, kwanza Scotland mwaka 1989, kisha England na Wales mwaka 1990. Tarehe 31 Machi 1990 eneo la Trafalgar Square likawa uwanja wa mapambano, Novemba Bi. Thatcher akaondoka madarakani, na waliomrithi wakaiondoa kodi hiyo.

Katika miaka yote ya kufundisha, hakuna habari ya Uingereza iliyonigusa kama ile ya Robert Kett, na wanafunzi wangu nao waliisikiliza kwa namna ya pekee. Katika karne ya 16 bei ya sufu ilikuwa nzuri, na wenye mashamba wakaona faida zaidi kufuga kondoo kuliko kuwa na wapangaji. Walizungushia ua malisho ya pamoja ya vijiji, mahali ambapo maskini alikuwa akifungia ng'ombe wake mmoja, akiokota kuni na kufuga bata bukini wake. Mwezi Julai 1549 watu wa Wymondham, katika jimbo la Norfolk, walianza kubomoa nyua hizo, wakafika mpaka kwa Kett, ambaye naye alikuwa mwenye ardhi na alikuwa amezungushia ua. Aliwasikiliza, akakubali kwamba wana haki, akashiriki kuubomoa ua wake mwenyewe, kisha akakubali kuwa kiongozi wao. Walipiga kambi katika nyika ya Mousehold, nje ya mji wa Norwich, watu wapatao 16,000, na kwa wiki kadhaa waliendesha mambo yao na mahakama yao chini ya mti wa mwaloni. Waliandika madai 29. Mengi ni ya kawaida kabisa, juu ya kodi za mashamba, malisho, mito na samaki, na ndiyo maana yanaaminika, kwa kuwa ni madai ya watu wanaojua wanachokosa. Katikati yake kuna sentensi moja inayoomba watwana wote waliosalia wafanywe huru, kwa maana Mungu aliwafanya wote huru kwa damu yake ya thamani iliyomwagika.

Serikali ilimtuma John Dudley, Sultani mdogo wa Warwick kama tungemwita kwa cheo cha pwani yetu, akiwa na jeshi lililojumuisha mamluki wa Kijerumani, na tarehe 27 Agosti huko Dussindale waasi waliuawa kwa maelfu. Kett alinyongwa katika ngome ya Norwich mwezi Desemba, na ndugu yake William akanyongwa kwenye mnara wa kanisa la Wymondham. Mwaka 1949, miaka 400 baadaye, wakazi wa Norwich waliweka bamba la kumbukumbu katika ngome hiyo hiyo, na maandishi yake yanasema wazi kwamba limewekwa kwa kufidia kosa na kumheshimu kiongozi shujaa katika mapambano marefu ya watu wa kawaida wa Uingereza ya kuondoka katika maisha ya utumwa.

Kuzungushia ua hakukukoma. Tofauti ni kwamba baadaye Bunge lenyewe ndilo lililofanya kazi hiyo. Kati ya mwaka 1604 na 1914 lilipitisha sheria zaidi ya 5,200 za namna hiyo, zilizohusu ekari zipatazo milioni 6.8, yaani karibu moja ya tano ya eneo lote la England. Utaratibu ulikuwa hivi: wenye sehemu kubwa ya ardhi ya kijiji walipeleka ombi bungeni, ambako wenzao wa tabaka lile lile ndio waliokaa, makamishna wakaja kupima na kugawa, mwenye kipande kidogo akapewa kipande kidogo pamoja na gharama za sheria na za kujenga uzio, ambazo mara nyingi zilimlazimu akiuze, na yule aliyekuwa akitumia malisho kwa mazoea tu, bila hati, hakupata kitu. Vitabu vyetu vya shule huliita jambo hili mapinduzi ya kilimo, na ni kweli kwamba mavuno yaliongezeka. Lakini mwanafunzi anastahili kujua pia kwamba wale watu waliojaa katika viwanda vya pamba vya Manchester hawakwenda mjini kwa kupenda moshi wake.

Hapa ndipo historia yao inapoungana na yetu kwa njia isiyohitaji kulazimishwa. Tabaka lililozoea kuamini kwamba ardhi inayotumiwa kwa mila bila hati haina mwenyewe ndilo lililotuletea magavana na mawakili wa Serikali. Nchini Kenya, Sheria ya Ardhi ya Taji ya mwaka 1902 iliruhusu ardhi kuuzwa au kukodishwa kwa walowezi kwa miaka 99, na ile ya mwaka 1915 ikarefusha muda huo hadi miaka 999. Mkulima wa Northamptonshire aliyeamka siku moja na kukuta uzio penye malisho ya kijiji chake angeuelewa upesi uchungu wa mzee wa Kiambu. Sisemi kwamba maskini wa Uingereza hawakuwa na mkono katika ukoloni; walikuja kama askari na kama walowezi, na wengi wao walijiona bora kuliko sisi. Nasema tu kwamba mbinu iliyotumika huku ilikuwa imejaribiwa kwanza kwao.

Katikati ya karne ya 17 ilitokea nafasi ambayo ingeweza kubadilisha kila kitu. Jeshi la Bunge lilikuwa limemshinda Mfalme Charles I, na mwishoni mwa Oktoba 1647 wawakilishi wa askari wa kawaida waliketi na makamanda wao katika kanisa la Putney, Oliver Cromwell akiwa mwenyekiti, kujadili nchi itawaliwe vipi. Kanali Thomas Rainsborough alisema kwamba maskini kuliko wote aliyeko Uingereza ana maisha ya kuishi sawa na aliye mkubwa kuliko wote, na kwa hiyo hapaswi kuwa chini ya serikali ambayo yeye mwenyewe hakuiridhia. Henry Ireton, mkwe wa Cromwell, alijibu kwamba kura ni ya mwenye mali ya kudumu katika nchi. Aliyeshinda ni Ireton. Mfalme alikatwa kichwa Januari 1649, lakini mwezi Mei mwaka huo askari watatu wa kundi lililodai usawa walipigwa risasi katika uwanja wa kanisa la Burford kwa amri ya makamanda wao, na wafuasi wa Gerrard Winstanley, waliokwenda kulima karoti na maharage katika ardhi ya wazi ya kilima cha St George huko Surrey, walifukuzwa kwa vipigo na mashtaka. Maneno ya Rainsborough yalilala katika karatasi za katibu William Clarke mpaka yalipochapishwa mwaka 1891. Kwa zaidi ya miaka 240 Waingereza wenyewe hawakuweza kuyasoma.

Mwanzoni mwa karne ya 19 Manchester, mji uliokuwa ukiivalisha dunia, haukuwa na mbunge hata mmoja wa kwake, wakati Old Sarum, kilima kisicho na mkazi, kilikuwa na wabunge wawili. Tarehe 16 Agosti 1819 watu wapatao 60,000, wanawake na watoto wakiwemo, walikusanyika katika uwanja wa St Peter mjini humo kudai uwakilishi. Walikuwa wamevaa nguo zao za Jumapili. Wapanda farasi wenye panga waliingizwa kati yao, watu wapatao 18 wakafa na mamia wakajeruhiwa, na serikali, badala ya kuomba radhi, ikawapongeza mahakimu na kupitisha sheria za kubana zaidi mikutano na magazeti. Mwaka 1830 vibarua wa mashamba wa kusini waliinuka wakivunja mashine za kupura nafaka zilizokuwa zikiwanyima kazi ya msimu wa baridi. 19 kati yao walinyongwa na karibu 500 wakapelekwa ng'ambo kwa meli za wafungwa. Mabadiliko ya mwaka 1832 yaliipa Manchester wabunge wake, lakini yaliwapa kura wenye nyumba na mali tu, kiasi cha mwanamume mmoja kati ya watano. Na Bunge hilo jipya, miaka miwili baadaye, liliwatungia maskini sheria ya kuwasaidia ndani ya nyumba maalumu za kazi, ambako mume alitengwa na mke, na mama akatengwa na watoto wake.

Mwaka huo huo wa 1834, katika kijiji cha Tolpuddle, jimbo la Dorset, vibarua sita walioongozwa na George Loveless, mhubiri wa Kimethodisti, walihukumiwa kifungo cha miaka saba huko Australia. Ujira wao ulikuwa umeshushwa hadi shilingi saba kwa juma, na walitishiwa kwamba utashuka hadi sita. Walianzisha chama. Kuanzisha chama cha wafanyakazi hakukuwa kosa tena kisheria, kwa hiyo mwendesha mashtaka akatafuta sheria ya mwaka 1797, iliyotungwa baada ya maasi ya mabaharia, akawatia hatiani kwa sababu ya kula kiapo cha siri. Maelfu kwa maelfu waliandamana London kuwatetea, na mwaka 1836 walisamehewa. Kila mwanachama wa chama cha wafanyakazi katika nchi yetu angefaa kujua majina ya watu hao, maana sheria za vyama tulizorithi zilitoka mahali walipopatia adhabu hiyo.

Kisha wakaja watu wa Hati ya Watu. Madai yao ya mwaka 1838 yalikuwa sita: kura kwa kila mwanamume mzima, kura ya siri, mbunge asitakiwe kuwa na mali, mbunge alipwe mshahara, majimbo yalingane kwa idadi ya watu, na Bunge lichaguliwe kila mwaka. Walipeleka bungeni ombi lenye saini zaidi ya milioni 1.2 mwaka 1839, likakataliwa. Lingine lenye zaidi ya milioni 3 mwaka 1842, likakataliwa. Na la tatu mwaka 1848, baada ya mkutano mkubwa katika uwanja wa Kennington tarehe 10 Aprili, likadhihakiwa. Miongoni mwa viongozi wao wa London alikuwa William Cuffay, mtu mweusi, fundi cherehani, aliyezaliwa Chatham mwaka 1788, ambaye baba yake alizaliwa utumwani katika kisiwa cha St Kitts. Cuffay alipoteza kazi yake kwa kushiriki mgomo wa mafundi mwaka 1834, akajiunga na madai ya kura, na mwaka 1848 akakamatwa na kupelekwa Tasmania, ambako hata baada ya kusamehewa aliendelea na siasa za wafanyakazi hadi alipofariki katika nyumba ya maskini mwaka 1870. Nimewahi kuwauliza walimu wenzangu wengi kama wamemsikia. Hawajamsikia, nami siwalaumu, kwa sababu nani angewaambia?

Matano kati ya madai hayo sita yakawa sheria moja baada ya jingine: sharti la mali kwa wabunge lilifutwa mwaka 1858, kura ya siri ilikuja mwaka 1872, mishahara ya wabunge mwaka 1911, na wanaume wote wenye umri wa miaka 21 wakapata kura mwaka 1918, baada ya mamia kwa maelfu yao kufa vitani. Wanawake walipewa mwaka huo huo, lakini waliozidi miaka 30 na kwa sharti la mali. Usawa kamili ulifika mwaka 1928. Katikati yake kuna wanawake waliofungwa, waliolishwa kwa mpira gerezani walipogoma kula, na Emily Davison aliyefariki Juni 1913 baada ya kugongwa na farasi wa mfalme katika mashindano ya Epsom. Huo ndio utulivu tunaosimuliwa.

Ombi langu kwako, Mhariri, na kwa waandishi wako, ni kwamba mtakapoandika tena juu ya historia ya Waingereza mwape nafasi watu hawa, na muache kuitumia nchi hiyo kama ushahidi wa kuwahimiza wananchi wakae wakingoja. Wapo wahadhiri wa historia katika vyuo vikuu vyetu wanaoyajua haya vizuri kuliko mimi; wakialikwa kuandika mfululizo wa makala kwa Kiswahili, juu ya Kett, juu ya Tolpuddle, juu ya Cuffay, wanafunzi watafaidika sana, kwa kuwa somo hili hufundishwa sekondari kwa Kiingereza na wengi hubaki na tarehe za mashine na majina ya wavumbuzi tu. Niko tayari kutoa nakala za maelezo niliyoandaa kwa ajili ya madarasa yangu kwa yeyote atakayepewa kazi hiyo.

Wako katika ujenzi wa taifa,

Mwalimu mstaafu wa historia,
Tanga